Moyo umepona, ndoa je?

Mwezi huu naomba tuongelee kitu ambacho watu wengi hukisema kwa kunong'ona: vidonge vya moyo vinapoingia ndani ya nyumba, na hasa vinapoingia chumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wakasema pia mficha uchi hazai. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo akarudi nyumbani salama anazihitaji methali zote mbili, maana ana ugonjwa ambao hauonekani kwa nje, na ana dawa ambazo maudhi yake mengine anaona aibu kuyataja hata kwa daktari. Matokeo yake anakaa kimya, halafu siku moja anaacha dawa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Msidhani huu ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri wa Capri Point. Mwaka 2019 watafiti katika Hospitali ya KCMC kule Moshi waliwapima wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kati yao, 152 walikutwa na mshtuko wa moyo. Hao ni zaidi ya mmoja katika kila watano! Wangapi kati yetu tukibanwa kifua tunasema ni vidonda vya tumbo, au gesi, au tumetupiwa kitu?

Mume wangu alisema ni vidonda vya tumbo. Ilikuwa mwaka 2021, alikuwa ametoka Mwaloni Kirumba kupakia dagaa. Jasho jembamba likimtoka, mkono wa kushoto mzito, akaomba maziwa. Bahati nzuri shemeji yangu hakutaka kusikia habari za maziwa, akamtia kwenye gari. Mungu ni mwema, alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mkononi ana mfuko wenye dawa za aina sita. Tulidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza maisha mapya na vidonge.

KIKOHOZI KILICHOTULETEA MANENO

Cha kwanza kilikuwa kikohozi. Kikavu, cha kukereketa koo, na kinazidi usiku. Mwezi wa pili kikawa hakimpi nafasi hata ya kumaliza sala. Majirani wakaanza kuulizana. Si unajua tena uswahilini kwetu, mtu akipungua mwili na akikohoa, watu wameshamaliza uchunguzi wao: ni TB, au ni ule ugonjwa mwingine. Ndugu mmoja akaja kukaa siku mbili, nikaona ametenga kikombe chake. Mume wangu naye aliona. Siku ile ile alihamishia mto wake sebuleni, eti asinisumbue usingizi.

Akapimwa makohozi, hana TB. Ndipo kwenye kliniki daktari alipouliza swali moja tu: "Mzee, hiki kikohozi kilianza kabla au baada ya enalaprili?" Baada.

Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili: hizi ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo huu una historia ya ajabu kidogo, maana wanasayansi waliupata kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil, na kaptoprili ikaruhusiwa kutumika mwaka 1981. Zinalegeza mishipa ya damu, moyo unapata nafuu. Lakini zinaacha mwilini kemikali inayokereketa njia ya hewa, na baadhi ya watu wanakohoa, wanawake zaidi ya wanaume. Hakuna dawa ya kifua itakayokiponya kikohozi hicho. Kinaondoka dawa ikibadilishwa, na mara nyingi daktari humpeleka mtu kwenye losatani au ndugu zake, ambazo hazina tabia hiyo. Kwetu kiliisha wiki ya tatu. Mto ukarudi chumbani.

Msomaji, jiulize ni ndoa ngapi zimelala vyumba viwili kwa sababu ya kidonge ambacho kingebadilishwa kwa dakika kumi.

MAUDHI MENGINE, NA JINSI YA KUISHI NAYO

Nitayapitia kwa haraka yale ya kila siku, kwa sababu mengi yana ufumbuzi mwepesi.

Aspirini. Hii huzuia damu isigande kwenye mishipa ya moyo. Maudhi yake ni kiungulia na kuchubua tumbo. Inywe ukiwa umekula, na kiungulia kikizidi daktari anaweza kukuongezea dawa ya kulinda tumbo. Ukinyoa ndevu ukajikata, damu itachelewa kukata, usishtuke. Ila ukiona choo cheusi kama lami, hilo si la kusubiri.

Dawa ya kukojoa, ile maarufu ya Lasix. Hapa ndipo watu wa kanda yetu wanapodanganya sana. Mume wangu alikuwa akisafiri kwenda Sengerema haigusi kabisa, maana miaka ile kabla Daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa haina adabu. Utamwambia dereva akusubiri mara ngapi? Na ukiwa kwenye meli ya kwenda Nansio ni masaa matatu hivi majini. Lakini siku akiruka kidonge, jioni miguu imejaa kama mikate. Suluhisho lilikuwa rahisi: tuliuliza, tukaruhusiwa siku ya safari akimeze baada ya kufika. Na wale wanaokimeza usiku, muulizeni daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi, mlale. Halafu punguzeni chumvi, jamani. Sangara wa kayabo ni mtamu, siwezi kukataa, lakini chumvi ile inavuta maji mwilini na kukifanya kidonge kipigane vita isiyoisha. Sato fresh wa kuchemsha na ndimu anatosha kabisa.

Kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Hiki kinapanua mishipa ghafla, ndiyo maana kichwa kinauma na kizunguzungu kinakuja. Kaa chini kwanza ndipo ukiweke. Usikitumie umesimama juu ya jiwe la kufulia.

Dawa ya lehemu, kama atovastatini. Hii ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Miguu inauma, mabega yanauma, basi ni ile dawa. Wapo kweli inaowaletea maumivu ya misuli. Lakini sikilizeni kisa hiki. Watafiti wa Imperial College, London, walichukua watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya maudhi. Kwa mwaka mzima wakawapa miezi ya dawa halisi, miezi ya vidonge vya bandia visivyo na kitu, na miezi ya chupa tupu, bila wao kujua kipi ni dawa na kipi ni bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2020: asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata na dawa halisi, waliyapata vile vile na vidonge vya bandia. Nusu yao walirudia dawa zao baada ya kuonyeshwa matokeo.

Hii haina maana kwamba walikuwa waongo. Maumivu yalikuwepo, waliyasikia. Ila yaliletwa na hofu ya kidonge kuliko kidonge chenyewe. Mwili husikiliza maneno ya kichwa.

Na hapa nitie neno moja kwa herufi kubwa moyoni mwenu: misuli ikiuma, msikimbilie diklofenaki, ile wengi tunayoiita diklopa, wala ibuprofeni. Tunazinunua kama pipi, lakini kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo zinaongeza uwezekano wa kupata mwingine, na zikichanganyika na dawa zake zinaumiza figo na tumbo. Mfamasia aambiwe kwanza: "Mimi ni mgonjwa wa moyo."

SASA TUINGIE CHUMBANI

Mwaka ulipita. Kikohozi hakuna, miguu haijai. Lakini mume wangu akawa mtu mwingine. Anachoka mapema, vidole vya baridi, na kitandani anageukia ukutani kabla taa haijazimwa. Nikimgusa bega anasema kesho ana safari. Mashoga zangu wakaanza kunipigia ramli bila kuombwa: ana nyumba ndogo Nyegezi, mwingine anasema Igoma. Shoga mmoja alinishauri nimpekue simu.

Mimi nilikuwa nafua. Kwenye mfuko wa shati nikakuta vitu viwili. Kimoja ni kile kichupa cha vidonge vya chini ya ulimi. Kingine ni kipande cha karatasi kimefungwa vidonge vinne vya bluu, ambavyo hata mtoto wa mjini anavijua. Nikakaa chini kwenye beseni. Haikuwa wivu, msomaji. Miguu ilikataa kusimama kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kuhusu mchanganyiko ule.

Vidonge vile vya bluu, sildenafili, vilianza kutafitiwa Uingereza kama dawa ya maumivu ya moyo, kabla haijagundulika vinafanya kazi nyingine, vikaruhusiwa mwaka 1998. Navyo vinapanua mishipa ya damu. Ukivimeza, halafu kifua kikabana ukaweka kidonge chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akazimia na asiamke. Ni hivyo hivyo kwa anayetumia vidonge vya isosobidi kila siku. Mtu aliyemeza sildenafili haruhusiwi dawa ya chini ya ulimi kwa masaa 24. Kwa ile ya jamii yake inayokaa muda mrefu, tadalafili, ni masaa 48. Na akibanwa kifua ndani ya muda huo, akimbizwe hospitali na awaambie ukweli alichomeza. Aibu iwekwe kando, maana daktari naye bila kujua anaweza kumpa dawa ile ile.

Usiku ule nilifunga mlango, nikaviweka vyote viwili kitandani katikati yetu. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Baba watoto, mimi sina shida na hiki wala hiki. Nina shida navyo vikiwa kwenye mfuko mmoja." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Niliona bora nife mwanaume kuliko kuishi hivi." Alikuwa hajameza hata kimoja, lakini atenololi alikuwa ameiacha wiki tatu, peke yake, kwa sababu rafiki zake Mwaloni walimwambia hiyo ndiyo "inayoua mtambo".

Kuacha atenololi ghafla ni kama kuachia breki gari likiwa mlimani. Moyo ulikuwa umezoea kushikiliwa, ukiachiwa kwa mara moja unaruka mbio, na kwa mtu aliyewahi kupata mshtuko unaweza kuleta mwingine. Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki, wawili.

WANAUME KUMI KATI YA 32

Je, rafiki zake walisema uongo? Si uongo mtupu. Dawa za ukoo wa atenololi zinapunguza mapigo, zinaleta uchovu, baridi ya vidole, wakati mwingine ndoto mbaya, na kwa baadhi ya wanaume nguvu hupungua. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha utafiti ambao kila mwanandoa angepaswa kuujua. Walichukua wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa, ambao hawakuwa na tatizo hilo, wakawagawa makundi matatu ya watu 32. Wote wakapewa atenololi. Kundi la kwanza hawakuambiwa ni dawa gani: mmoja tu alipata tatizo. Kundi la pili waliambiwa jina la dawa, si maudhi yake: walipata watano. Kundi la tatu waliambiwa kila kitu, pamoja na kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume: walipata kumi.

Dawa ni ile ile, lakini kwa kuambiwa tu, mmoja wakawa kumi.

Najua mtaniuliza: sasa wewe dada, mbona unatuambia? Si unatuongezea tatizo? Nimelifikiria sana kabla ya kuandika. Jibu langu ni kwamba maneno yameshafika. Yako Mwaloni, yako saluni, yako kwenye daladala ya Buhongwa. Wanaume wamekwisha kuambiwa kwamba dawa inaua mtambo. Hawajaambiwa kwamba hofu inaua zaidi, wala kwamba lipo la kufanya. Nusu ya habari ndiyo sumu. Mimi nawapa nusu iliyobaki.

Daktari wetu alitueleza kwa utulivu. Mishipa inayoziba kwenye moyo ni ya aina moja na ile inayopeleka damu huko kwingine, kwa hiyo mara nyingi ugonjwa wenyewe umeanza kazi kabla ya dawa. Ongeza kisukari kama kipo, sigara, pombe, na ile hofu kwamba nitafia juu ya kifua cha mke wangu. Akampima, akambadilishia kidonge na kuanza na kipimo kidogo, akamwonya kuhusu vile vya bluu. Akatupa na kipimo cha nyumbani: mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kifua kubana wala kukosa pumzi, kwa kawaida anaweza pia tendo la ndoa na mwenzi wake aliyemzoea. Ila daktari ndiye wa kutoa ruhusa.

Sisi watu wa Mwanza ghorofa ya nini? Nyumba zetu ziko juu ya mawe. Tukaanza kupanda wote jioni, taratibu, mpaka kwenye jiwe la juu unaloonea ziwa lote. Wiki za mwanzo anasimama mara tatu. Baadaye mara moja. Baadaye akawa ananisubiri mimi. Mengine yalirudi yenyewe, si kama ya ujana, lakini yalirudi, na mto haujahama tena.

Wanaume wenzangu, oh samahani, akina kaka: zipo pia dawa nyingine, kama spironolaktoni, zinazoweza kumfanya mwanaume achomoze matiti na yaume. Kuna mbadala wake. Sema. Na akina dada, nasi tunapata mshtuko wa moyo. Uchovu wa dawa na kukosa hamu vinatupata, ila sisi tumefundishwa kuvumilia, hata mume hajui. Nawe sema.

KWA NINI TUSIACHE TU?

Mnakumbuka mwaka 2011, Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021? Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi kwenda Samunge kwa kikombe cha shilingi 500. Siwacheki waliokwenda. Mtu aliyechoka kumeza vidonge kila siku anatamani kikombe kimoja kimalize yote. Lakini wapo walioacha dawa zao, na maradhi hayakuwaacha. Ukiwekewa kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, kama wanavyofanya pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, halafu ukaacha klopidogreli na aspirini kabla ya muda, damu inaweza kuganda mle ndani kwa siku chache tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, utaratibu ni huu. Nunua daftari la shilingi chache. Andika jina la dawa, saa, na maudhi uliyoyaona na tarehe yalipoanza. Nenda nalo kliniki, na kama inawezekana nenda na mwenzi wako, maana kinachofichwa na mmoja kitasemwa na mwingine. Pesa ya dawa ikiwa imepungua, sema hilo nalo. Mara nyingi kuna dawa ya kazi ile ile kwa bei nafuu. Dawa za miti shamba unazokunywa, zitaje. Na madhara makubwa, mwombe daktari au mfamasia ayapeleke TMDA, ambao wana ofisi yao ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Lakini haya hayasubiri daftari wala tarehe ya kliniki, ni kukimbia hospitali muda huo huo: choo cheusi au kutapika damu, midomo, ulimi au uso kuvimba, kuzimia, au mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, misuli kuuma sana na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na kifua kinachobana ambacho hakijaachia dakika 5 baada ya kidonge cha chini ya ulimi.

Mpenzi msomaji, vidonge vya moyo ni kama wakwe. Hukuwachagua, wana maneno yao, lakini bila wao nyumba isingekuwepo. Ukiwakasirikia kimya kimya utaharibu. Kaa nao chini, wenye kusema waseme, wa kubadilishwa nafasi abadilishwe. Usiku wa leo kabla hamjazima taa, muulize mwenzio swali dogo tu: "Hivi vidonge vinakufanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize.

Mwezi ujao nitaongelea mama mkwe anayekuja kusalimia akakaa miezi sita. Mpaka hapo, tunzaneni.